Ndege Iliyojifunza Kukwepa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani mjini Washington, kulikuwa na ndege ya kivita isiyo na bawa wala injini. Ilikuwa nukta ndani ya kompyuta, ikienda kwenye uwanja bapa usio na juu wala chini. Nyuma yake ilikuja nukta ya pili, kombora. Kombora lilikuwa na mwendo mkali kuliko ndege, kwa hiyo kukimbia moja kwa moja kulikuwa sawa na kujiua. Lakini lilikuwa zito kugeuka, na kila lilipokata kona lilipoteza sehemu ya mwendo wake. Ndege ilikuwa na nafasi zisizozidi 20 za kuamua: nigeuke au nisigeuke, na nikigeuka, kwa kiasi gani. Ikiweza kulichosha kombora mpaka mwendo wake ushuke chini ya kiwango fulani, imepona. Ikishindwa, imelipuliwa, na pambano linaanza upya.

Hakuna aliyeiambia ndege ile namna ya kukwepa. John Grefenstette na wenzake, Connie Ramsey na Alan Schultz, walitaka mbinu izaliwe yenyewe kutokana na mapambano mengi, kizazi baada ya kizazi. Programu yao waliiita SAMUEL, kwa heshima ya Arthur Samuel, yule mhandisi wa IBM ambaye katika miaka ya 1950 aliiwezesha kompyuta kujifunza drafti kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Mwaka 1990 walichapisha maelezo kamili ya kazi hiyo, na kwangu mimi maelezo yale bado ni moja ya masimulizi bora ya ufundi wa kompyuta. Hayana majigambo. Kila uamuzi umeelezwa sababu yake, na kila sababu imepimwa.

Wazo la msingi lenyewe, linaloitwa algoriti ya kinasaba, ni jepesi. John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan alilipa umbo katika kitabu chake cha 1975, na watafiti wengine wa Ujerumani na Marekani walikuwa wameanza kulizunguka tangu miaka ya 1960. Unaanza na kundi la mipango ya vita, mingi ikiwa ya hovyo. Unaipeleka mmoja mmoja kwenye uigaji, unaipiganisha, unaipa alama. Iliyofanya vizuri inapata nafasi kubwa zaidi ya kuzaa: vipande vya mzazi mmoja vinachanganywa na vipande vya mwingine, kisha hapa na pale kitu kinabadilishwa kwa nasibu. Kizazi kipya kinarudi vitani. Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuziandika hatua hizi za mageuko kwa jioni moja. Ndiyo maana watu wengi wakisikia kwamba kompyuta imejizalishia mbinu za kivita, hudhani kazi yote imefanywa na mashine. Ukikaa na kazi yenyewe, ukaifuata kanuni kwa kanuni, unagundua kuwa kuzalisha ndiko rahisi. Ustadi uko kwenye matayarisho: ndege ione nini, ituzwe kwa lipi, itatizwe kiasi gani, na nani atakaa chini kukisoma kilichozaliwa.

Tuanze na kuona. Ndege ya SAMUEL ilipewa vihisio sita tu. Cha kwanza kiliikumbusha ilivyogeuka mara ya mwisho. Cha pili kilihesabu muda tangu kombora lionekane. Cha tatu kilipima umbali wa kombora, kwa hatua za mia mia hadi 1500. Cha nne kilitaja upande lilipo kombora kwa mtindo wa marubani, kama namba kwenye uso wa saa ya ukutani: 12 ni mbele ya pua, 6 ni nyuma ya mkia. Cha tano kilionyesha kombora limeelekea wapi, na cha sita kilipima mwendo wake. Jibu la ndege lilikuwa la aina moja, kiasi cha kugeuka, katika ngazi tisa: kutoka nyuzi 180 upande mmoja hadi nyuzi 180 upande wa pili, kwa kuruka nyuzi 45.

Mtu anaweza kuona kwamba huku ni kuinyima ndege macho. Kwa nini umbali upimwe kwa mia mia, wakati kompyuta inaweza kuupima kwa usahihi wa nukta? Lakini jaribu kufikiria kanuni inayosema la kufanya kombora likiwa umbali wa 417.36. Pambano linaloipitisha ndege hapo hasa huenda lisitokee tena, na kanuni ile ingekaa bila kazi mpaka ife. Vipimo vya ngazi pana vinakusanya matukio yanayofanana chini ya kanuni moja, ili kanuni ipate kutumika mara nyingi na sifa yake ijulikane. Ngazi zikiwa pana mno, ndege haitofautishi hatari na usalama. Zikiwa nyembamba mno, haijifunzi lolote. Kuchagua upana ule ni kazi ya jicho la mtu aliyelitazama tatizo kwa muda mrefu, na hakuna kizazi cha mipango kitakachomfanyia kazi hiyo.

Kisha kuna lugha. Wakati ule wengi waliotumia njia ya Holland waliandika mipango yao kama mifuatano ya sifuri na moja, kwa sababu mifuatano hiyo ni rahisi kukata na kuunganisha. Grefenstette aliamua vingine. Kanuni za SAMUEL ziliandikwa kwa namna ambayo mtu anaweza kuisoma. Kanuni moja ingeweza kuwa hivi: ikiwa umbali ni kati ya 300 na 600, na kombora liko kati ya namba 5 na namba 7, na mwendo wake bado ni mkubwa, basi geuka nyuzi 90. Mpango mzima ulikuwa rundo la kanuni za aina hii. Faida yake ni ya pande mbili. Rubani anaweza kuusoma mpango ulioshinda na kusema hapa naelewa, hapa sielewi. Na anayeijua kazi anaweza kuandika kanuni zake mwenyewe, akaziingiza kwenye kizazi cha kwanza, halafu mageuko yakaziendeleza. Schultz na Grefenstette walilijaribu hili la pili: walianza na mipango iliyotokana na ujuzi wa binadamu na kuiacha programu iinoe.

Malipo nayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Ndege iliyopona ilipata alama 1000. Iliyolipuliwa ilipata kumi mara muda iliodumu: ikifa hatua ya tatu ilipata 30, ikifa hatua ya kumi na tano ilipata 150. Ukiitazama hesabu hii haraka, utaipita. Ukiitazama tena, utaona imepimwa kama dawa. Katika vizazi vya mwanzo karibu kila ndege inakufa. Kama kufa kungekuwa sifuri kwa wote, basi iliyojitahidi na iliyozubaa zingekuwa sawa, na mageuko hayangekuwa na pa kushikia. Zile alama chache za kuchelewa kufa zinaipa programu ngazi ya kwanza ya kupandia. Lakini kama alama hizo zingekuwa nyingi, zikakaribia 1000, mpango ungeridhika na kufa kwa kuchelewa, ungekuwa bingwa wa kujiburuta. Pengo kati ya anayekaribia kupona na aliyepona limeachwa kubwa makusudi. Namba mbili tu, kumi na elfu moja, zimebeba falsafa nzima ya kukwepa kombora.

Linafuata swali la haki: ndege imepona, lakini kanuni ipi istahili sifa? Katika pambano moja zinaweza kutumika kanuni nyingi, mojawapo ya maana, nyingine zikiwa zimepita njia. SAMUEL iliiwekea kila kanuni kumbukumbu ya malipo ya mapambano iliyoshiriki, na ikaangalia mambo mawili, wastani wa malipo hayo na kuyumba kwake. Kanuni yenye wastani mzuri lakini inayoyumba, leo elfu kesho thelathini, iliaminiwa kidogo kuliko kanuni ya wastani ule ule iliyo tulivu. Wakati wa kuzaa napo walifanya jambo lililonivutia kuliko yote. Kanuni zilizofuatana katika pambano lililofanikiwa zilifungwa pamoja, ili zirithishwe kwa mtoto mmoja bila kutenganishwa. Walijua kuwa mbinu ya kivita ni mfuatano. Kugeuka kushoto na kungoja na kugeuka kulia kwa nguvu ni kitu kimoja, na ukimpa mtoto wa kwanza nusu na wa pili nusu, umewaua wote wawili.

Halafu kuna namna kanuni pana inavyozaa kanuni finyu. Mpango ungeweza kuanza na kanuni pana kabisa, inayokubali hali yoyote ile na kuamuru kugeuka kwa namna yoyote. Kanuni kama hiyo ikitumika katika pambano lililolipa vizuri, programu inazaa nakala yake iliyobanwa kidogo kuelekea hali halisi iliyokuwapo: umbali unapunguzwa upana, pande zinapunguzwa, kugeuka kunapunguzwa. Ile pana haifutwi, inabaki kuwa akiba. Vizazi vikipita, juu ya ile kanuni inayokubali kila kitu kunajengeka tabaka za kanuni zinazojua zaidi na zaidi. Hiki ni kitu ambacho viumbe hai hawakifanyi, maana mzazi hamrithishi mwanawe kwa damu alichojifunza maishani, lakini mafundi hawa hawakuwa watumwa wa maumbile. Walichukua kilichowafaa.

Somo kubwa zaidi la maabara ile, kwa maoni yangu, ni la ukungu. Katika uigaji unaweza kuipa ndege vipimo safi visivyokosea, ukaiwekea kombora mahali pale pale kila pambano. Ndege itajifunza upesi na kufaulu sana. Ramsey, Schultz na Grefenstette waliuliza: ikihamishwa kutoka ulimwengu huo safi kwenda ulimwengu wa vihisio vinavyokosea, itakuwaje? Walifanya majaribio ya kuvuka pande zote. Mipango iliyolelewa katika usafi ilianguka ilipokutana na makosa ya vipimo. Iliyolelewa katika makosa ilisimama, na ilipopelekwa penye usafi haikupata shida kubwa. Hitimisho lao ni kwamba kama hujui uwanja halisi una ukungu kiasi gani, ni heri uigaji wako uwe na ukungu mwingi kuliko pungufu. Sababu yake unaweza kuiona ukitulia: katika ulimwengu safi, mpango unashinda kwa kukariri. Unajua kwamba hatua ya saba, umbali wa 400, geuka hivi, na inafaa kila mara. Penye makosa, kukariri hakulipi, na kinachobaki ni mwenendo unaofaa hata pale ambapo nusu ya unachokiona si kweli. Kuuchafua uwanja kwa kipimo, kwa makusudi na kwa hesabu, ni ufundi wa hali ya juu, na hauonekani kabisa katika matokeo isipokuwa unapokosekana.

Uwanja usipoandaliwa vizuri, mageuko hayakusamehe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa Sweden, Robert Feldt, alikuwa akizalisha programu za kuisimamisha ndege inayotua kwenye njia fupi kwa kunaswa na kebo. Programu nzuri ingeisimamisha ndege bila kuivunja kwa mkazo. Zikazaliwa programu zilizopata alama kamilifu, mkazo sifuri. Zilikuwa zimegundua kwamba zikiibana ndege kwa nguvu kubwa kupita kiasi, namba ya mkazo inapita uwezo wa kompyuta kuihifadhi, inazunguka, na kusomeka kama sifuri. Katika ulimwengu halisi, ndege ile na rubani wake wangesagika. Sioni kuwa programu zile zilidanganya. Zilitii, kwa ukamilifu, alama zilizoandikwa. Kila fundi wa kazi hii anayo hadithi yake ya namna hii, na ndiyo maana fundi mzuri haanzi kwa kushangilia alama ya juu. Anaanza kwa kuifungua na kuitazama pambano kwa pambano, mpaka ajue ilipatikanaje.

Katika hili la kutazama, kielelezo changu ni Douglas Lenat, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford. Programu yake, EURISKO, haikuwa algoriti ya kinasaba kwa maana ya Holland, ila ni jamaa ya karibu: kanuni zilizobadilishwa na kanuni nyingine, zikibaki zile zilizofaa. Mwaka 1981 aliiingiza katika mashindano ya kuunda manowari za kubuni za angani, yaliyofanyika San Mateo, California. Wachezaji wengine walileta meli chache kubwa za fahari. EURISKO ilileta kundi la meli 96, nyingi zikiwa za mwendo wa konokono, zenye silaha nyingi na ngozi nene, pamoja na kimeli kidogo kilichokuwa kigumu mno kupigwa. Ikashinda. Mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, ikashinda tena. Kompyuta zilipambana usiku kucha, na asubuhi Lenat alipitia yaliyotokea, akang'oa mawazo ya kipuuzi, akaacha yenye dalili. Sifa ya ushindi aliigawa: asilimia 60 zake, 40 za programu, akisisitiza kwamba hakuna mmoja wao ambaye angeshinda peke yake. Naipenda hesabu ile kwa sababu haimtukuzi mtu na wala haiitukuzi mashine.

Kazi hii ilipohamia kwenye ndege zinazofanana na za kweli, ilikutana na X-31. Hii ilikuwa ndege ya majaribio iliyotengenezwa na Marekani pamoja na Ujerumani, ikaruka mara ya kwanza 1990. Nyuma ya injini ilikuwa na makasia matatu ya kuelekeza moshi wa kutolea nguvu, hivyo iliweza kuinua pua hadi nyuzi 70 huku ikisonga mbele, hali ambayo ndege ya kawaida ingezimika na kuanguka. Tarehe 29 Aprili 1993 ilifanya geuzo la nusu duara katika hali hiyo, geuzo lililopewa jina la Wolfgang Herbst, mhandisi Mjerumani aliyeliwazia. Sasa tatizo lilikuwa hili: ndege inaweza kufanya mambo ambayo marubani hawakuwa wameyazoea, basi nani atafundisha mbinu zake? Robert Smith na Bruce Dike, pamoja na wenzao, waliweka X-31 katika uigaji dhidi ya F-18, ndege ya kivita ya kawaida, na kuacha kanuni zizaliwe, ndege ikichagua pembe ya pua, mlalo wa bawa na mwendo. Kanuni zilianza zikiwa holela. Vizazi vilivyofuata vilianza kutoa mapigano yaliyotambulika na wenye kujua: mizunguko ya kuinua pua juu sana, kuusimamisha mwili hewani, kumwacha adui apite. Yalikuwemo mageuzo yaliyofanana na lile la Herbst, ambayo kompyuta haikuwahi kuelezwa.

Baadaye Smith na wenzake wakafanya jambo gumu zaidi, wakaziacha ndege zote mbili zijifunze. Hadi hapo F-18 ilikuwa na mwenendo wa kudumu, na adui wa kudumu anakufundisha kumshinda yeye tu. Wakijifunza wote, kila ushindi wa mmoja unakuwa funzo la mwenzake. Wachezaji wa bao wanalijua hili vizuri: anayecheza na mtu mmoja baraza moja miaka yote anakuwa hodari wa mtu yule, na siku akikaa na mgeni kutoka mtaa wa pili anaona kete zake zinaliwa kwa njia asiyoijua. Hatari ya kujifunza kwa pamoja ni kwamba wawili hao wanaweza kuzunguka duara. Ndege ya kwanza inabuni shambulizi, ya pili inabuni kinga, ya kwanza inaacha shambulizi, ya pili inasahau kinga, na baada ya vizazi vingi wamerudi walipoanza. Anayesimamia lazima aweke akiba ya mabingwa wa zamani na kuwarudisha uwanjani mara kwa mara, ili mpya asiwe ameshinda wa jana huku akishindwa na wa juzi.

Kwa upande wa askari wa miguu, jina la kulitaja ni Andrew Ilachinski wa kituo cha utafiti cha CNA, kinacholihudumia Jeshi la Majini la Marekani. Kabla yake, hesabu za vita zilitegemea sana milinganyo ya Frederick Lanchester, Mwingereza aliyeandika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Milinganyo hiyo inayahesabu majeshi mawili kama matangi mawili ya maji yanayovuja. Haina mtu anayeogopa, anayemfuata mwenzake, anayerudi nyuma. Katika ISAAC na baadaye EINSTein, Ilachinski alimpa kila askari wa kompyuta uzito sita wa moyo: anavutwa au kusukumwa kiasi gani na wenzake wazima, wenzake majeruhi, maadui wazima, maadui majeruhi, bendera yake na bendera ya adui. Juu ya hapo aliweka masharti machache, kama vile wenzako wangapi wawe karibu ndipo uthubutu kusonga mbele. Algoriti ya kinasaba ilizalisha mioyo hii, ikitafuta mchanganyiko unaotimiza lengo la kamanda. Ukiyatazama mapigano yake kwenye skrini unaona vikosi vinazunguka ubavuni, vinajikusanya, vinafungua njia, na hakuna kanuni hata moja inayotaja ubavu. Kitabu chake cha 2004 kinaeleza haya kwa uvumilivu mkubwa, na kinaonya palepale kwamba uigaji wake ni wa kusaidia kufikiri kuhusu vita, si wa kutabiri vita.

Mwaka 2016 kazi hii ilifika kwenye vichwa vya habari kwa jina la ALPHA. Aliyeitengeneza alikuwa Nick Ernest, aliyehitimu udaktari Chuo Kikuu cha Cincinnati, akiwa na kampuni yake Psibernetix na Profesa Kelly Cohen, kwa ushirikiano na Jeshi la Anga la Marekani. Gene Lee, kanali mstaafu wa Jeshi la Anga na mkufunzi mwenye uzoefu wa miaka mingi, alikaa kwenye kiti cha uigaji kupambana nayo. Hakuweza kuiangusha hata mara moja, na kila walipopambana kwa kirefu aliangushwa yeye. Alieleza kwamba alirudi nyumbani akiwa amechoka akili kabisa. Mbinu za ALPHA zilizalishwa kwenye kompyuta ya dola 500, na zikishazalishwa ziliweza kuendeshwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani.

Magazeti yalishangilia ushindi. Mimi nilivutwa na umbo la ndani. Ernest hakuzalisha rundo moja kubwa la kanuni, kwa sababu katika vita vya ndege nyingi idadi ya hali zinazowezekana inapanda mpaka hakuna kizazi kitakachozimaliza. Aliugawa uamuzi kuwa mti: tawi moja linaamua nishambulie nani, jingine nirushe kombora sasa au ningoje, jingine niruke vipi nikikwepa. Kila tawi linatumia kanuni za maneno yenye kingo laini, adui yuko karibu, yuko karibu kiasi, yuko mbali, badala ya mpaka mkali wa namba. Kilichozalishwa ni kingo hizo na kanuni zinazoziunganisha. Ni ukoo ule ule wa SAMUEL, ngazi pana na lugha inayosomeka, baada ya zaidi ya miaka 25 ya kukua.

Miaka minne baadaye, Agosti 2020, katika mashindano ya wakala wa utafiti wa ulinzi wa Marekani, DARPA, programu ya kampuni ya Heron Systems ilimshinda rubani wa F-16 mapambano matano kwa sifuri, katika uigaji. Hiyo haikutokana na mageuko. Ilikuwa mitandao ya neva iliyojifunza kwa malipo na adhabu, na tangu hapo njia hiyo ndiyo inayotamba. Inafanya makubwa. Lakini ukiifungua unakuta mamilioni ya namba, na hakuna namba hata moja unayoweza kumsomea rubani. Tena programu ile ilipewa taarifa kamili zisizokosea za mahali alipo adui kila nukta ya muda. Aliyesoma kazi ya maabara ya Washington ya 1990 anajua swali la kuuliza hapo, na analiuliza bila kudharau ushindi wenyewe.

Ufundi huu unazalisha njia za kuua. Ninauheshimu nikijua hivyo, na sidhani kwamba uzuri wa kanuni unaosha kinachofanywa nayo. Pengine ndiyo maana moyo wangu unarudi kwenye kazi ndogo zaidi ya akina Schultz na Grefenstette, waliyoifanya mwanzoni mwa miaka ya 1990 pamoja na Kenneth De Jong. Waliligeuza lile lile waliloligundua. Badala ya kuzalisha mbinu za kumshinda adui, walizalisha misukosuko ya kuzishinda mashine za kwao wenyewe, mojawapo ikiwa programu ya kuitua ndege juu ya meli katika uigaji. Mpango ulioshindana safari hii ulikuwa orodha ya mabalaa: kihisio hiki kiharibike wakati huu, usukani uchelewe kiasi hiki, upepo upige kutoka upande ule.

Na angalia walivyoweka malipo, maana hapo mkono wa fundi unaonekana wazi. Kuiangusha ndege kwa kuiharibia kila kitu ni rahisi, na hakumfundishi mtu chochote. Kwa hiyo walituza balaa dogo kabisa lililotosha kuangusha: hitilafu moja au mbili, ndogo, zikitokea pamoja kwa wakati mbaya. Walituza pia upande wa pili, msukosuko mkubwa kabisa ambao mashine iliuhimili na bado ikatua. Pande hizo mbili zikiwekwa pamoja zinachora mpaka wa kile mashine inachokiweza. Kila tukio lililozaliwa liliandikwa kwa lugha ya kanuni, ikiwa hivi basi vile. Mhandisi aliyeijenga programu ya kutua alionyeshwa baadhi ya matukio hayo, akakiri kwamba yalimwonyesha sehemu za programu yake zinazoweza kuboreshwa.